Panga Anwani Kwanza, Vifaa Baadaye: Namna ya kuunganisha ofisi zetu kwa mtandao mmoja

Utangulizi

Ofisi nyingi za miradi, zahanati na shule zilizo chini ya sharika zetu hapa Kikatiti na maeneo jirani ya Meru sasa zina kompyuta na intaneti. Hiyo ni hatua ya kushukuru. Hata hivyo, kila kituo bado kinasimama peke yake. Taarifa ya robo mwaka inapotakiwa, mhasibu wa kituo hunakili mafaili kwenye flashi, hupanda bodaboda hadi barabara kuu ya Arusha na Moshi, kisha daladala hadi ofisini. Flashi hupotea na hubeba virusi. Mara nyingine mafaili mawili yenye jina moja huwa na tarakimu tofauti, na hakuna anayejua lipi ni sahihi.

Ndiyo maana maombi ya kuunganisha vituo yanaongezeka kwenye meza za kamati na kwa washirika wetu wanaofadhili. Maombi hayo huja na profoma yenye antena, mnara, ruta, swichi, kebo, nauli na posho ya fundi. Karatasi moja ndiyo ambayo mara nyingi haipo, nayo ni mpango wa anwani za mtandao. Haipo kwa sababu haina bei. Lakini karatasi hiyo isipokuwepo, vifaa vyote vilivyoorodheshwa vinaweza kufungwa vizuri, taa zake zikawaka, na bado vituo visiweze kuonana.

Makala hii inaeleza mpango wa anwani ni nini, kwa nini ni lazima utangulie ununuzi, na mjumbe wa kamati asiye fundi aulize nini kabla ya kupitisha fedha.

Anwani ya mtandao ni nini?

Kila kifaa kilicho kwenye mtandao, iwe kompyuta, printa, simu au kamera ya ulinzi, hupewa namba inayoitwa anwani ya IP. Namba hiyo huandikwa katika mafungu manne yanayotenganishwa na nukta, na kila fungu ni kati ya 0 na 255. Mfano ni 192.168.1.20.

Kwa utaratibu huo, anwani zote zinazowezekana duniani ni 4,294,967,296, yaani kama bilioni 4.3. Wakati idadi ya watu duniani ilipita bilioni 8 mwaka 2022, ni wazi kwamba hazitoshi. Mafungu makubwa ya mwisho yaliyokuwa akiba ya dunia yaligawiwa kwa kanda tarehe 3 Februari 2011. Kanda yetu ya Afrika inahudumiwa na AFRINIC, yenye makao yake Mauritius.

Upungufu huo ulionekana mapema. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa intaneti walitenga makundi matatu ya anwani kwa matumizi ya ndani tu. Mtu yeyote anaweza kuyatumia bila kuomba kibali, mradi yasitoke nje ya milango ya taasisi yake:

- 10.0.0.0 hadi 10.255.255.255
- 172.16.0.0 hadi 172.31.255.255
- 192.168.0.0 hadi 192.168.255.255

Utaratibu huu tunaufahamu tayari kwa njia ya sanduku la posta. Usharika una S.L.P. moja. Barua za mchungaji, za mwalimu wa shule ya awali na za vijana wa kwaya zote hupitia hapo. Posta haijui nani anakaa chumba gani. Barua ikifika, katibu ndiye huitazama na kuipeleka kwa mhusika. Ruta iliyo ofisini hufanya kazi ya katibu huyo. Kwa nje ofisi nzima inaonekana kwa anwani moja iliyotolewa na kampuni ya intaneti, na kwa ndani kila kifaa kina namba yake. Ruta huandika kwenye kumbukumbu zake ni kifaa kipi kilichoomba nini, ili jibu likirudi lipelekwe panapostahili.

Tatizo linaanzia wapi?

Ruta ndogo zinazouzwa madukani huja zimeshapangwa kiwandani. Nyingi hutumia 192.168.0 au 192.168.1 kama mwanzo wa anwani. Fundi huifungua, huichomeka, intaneti inapatikana, kazi imekwisha. Kwa kituo kimoja hilo halina madhara yoyote.

Sasa tuseme ofisi ya Kikatiti iliwekewa ruta ya namna hiyo, na zahanati iliyoko Leguruki nayo vivyo hivyo. Vituo vyote viwili vinatumia 192.168.1. Miaka miwili baadaye kamati inaamua kuviunganisha. Antena zinafungwa, mawimbi yanafika, lakini kompyuta ya Leguruki haifikii seva iliyoko Kikatiti. Kwa nini?

Kompyuta inapotaka kuwasiliana, kwanza hujiuliza swali moja: huyu ninayemtafuta ni jirani yangu wa jengo hili, au anakaa mbali? Jibu hulipata kwa kulinganisha mwanzo wa anwani yake na mwanzo wa anwani anayoitafuta. Ikiwa mafungu matatu ya kwanza yanafanana, huamua kwamba ni jirani, na humwita moja kwa moja ndani ya jengo. Ikiwa yanatofautiana, humkabidhi ruta kazi ya kutafuta njia.

Kwa hiyo kompyuta ya Leguruki yenye 192.168.1.35 inapotafuta seva ya Kikatiti yenye 192.168.1.10, huona kwamba mwanzo ni ule ule. Huita ndani ya zahanati. Ombi halifiki hata kwenye ruta, sembuse kwenye antena. Mambo mawili yanaweza kutokea. La kwanza, hakuna anayeitika, na mtumishi huambiwa kwamba seva haipo. La pili, ambalo ni baya zaidi, ndani ya zahanati kuna kifaa kingine chenye 192.168.1.10, nacho huitika. Kazi iliyokusudiwa kwenda kwenye seva ya ofisi kuu huishia kwenye kifaa ambacho hakikukusudiwa.

Ni sawa na kuwa na mitaa miwili, yote ikiitwa Mtaa wa Kanisani, na kila mmoja una nyumba namba 10. Mgeni akiuliza nyumba namba 10 ataelekezwa iliyo karibu.

Mafundi wanazo njia za kulizunguka tatizo hili kwa kubadilisha anwani zikiwa njiani. Njia hizo zinafanya kazi, lakini zinafanya mtandao uwe mgumu kueleweka, na fundi mwingine akija baadaye hajui aanzie wapi. Dawa ya kweli ni kubadilisha anwani za kituo kimoja au vyote. Maana yake ni kupitia kila printa, kila seva, kila kamera na kila programu ya mahesabu iliyoandikiwa namba ya zamani. Kazi ambayo ingechukua siku moja na kalamu kabla ya kuanza, sasa inachukua siku nyingi huku ofisi zikiwa zimesimama na fundi akilipwa.

Kugawa anwani ni kama kugawa kihamba

Mpango wa anwani ni kazi ya kuligawa kundi kubwa la namba katika mitandao midogo, ili kila ofisi na kila aina ya matumizi iwe na eneo lake. Mtandao mdogo wa namna hiyo mafundi huuita subneti.

Huku Meru na Kilimanjaro tunajua maana ya kugawa kihamba. Baba akiwa na kihamba kimoja na vijana wawili, hukata katikati na kupanda masale kwenye mpaka. Vijana hao wakigawa tena, kila kipande hukatwa katikati, na masale huongezeka. Anwani nazo hugawanywa kwa kukata katikati tu. Kundi la namba 256 likikatwa hutoa mawili ya 128, kisha ya 64, ya 32, na kuendelea.

Kila kipande hupoteza namba mbili, kama vile masale yanavyokula sehemu ya ardhi. Namba ya kwanza ni jina la mtandao wenyewe. Namba ya mwisho ni ya mbiu, yaani ujumbe ukitumwa kwa namba hiyo husikiwa na vifaa vyote vya eneo hilo kwa pamoja. Namba hizo mbili hazipewi kifaa chochote.

Ukubwa wa kipande huandikwa kwa mkwaju na namba baada ya anwani. Kadiri namba hiyo inavyokuwa kubwa, ndivyo kipande kinavyokuwa kidogo:

- /23: vifaa 510
- /24: vifaa 254
- /25: vifaa 126
- /26: vifaa 62
- /27: vifaa 30
- /28: vifaa 14
- /30: vifaa 2

Kwenye baadhi ya vifaa, /24 huandikwa 255.255.255.0. Maana ni ile ile: mafungu matatu ya kwanza ni jina la eneo, na fungu la mwisho ni namba ya kifaa ndani ya eneo hilo.

Mfano wa vituo vinne

Tuchukue mfano. Maeneo ni ya kweli, vituo ni vya kujifunzia tu. Ofisi kuu ya miradi iko Kikatiti. Kuna ofisi ndogo Maji ya Chai, shule King'ori na zahanati Leguruki. Kamati inataka vituo vyote vinne vitumie programu moja ya mahesabu na kuhifadhi nakala za mafaili Kikatiti.

Hatua ya kwanza: kuhesabu. Kila kituo kihesabu vifaa vilivyopo na vinavyotarajiwa. Kikatiti tuseme kuna kompyuta 14, printa 3, seva 1, simu za mezani 4 na simu za mkononi za watumishi 20. Jumla ni 42. Simu za mkononi zisisahaulike, kwa sababu kila simu inayoingia kwenye waifai huchukua anwani. Kwa kuwa vifaa huongezeka kila mwaka, tuzidishe mara mbili: 84. Kipande cha 62 hakitoshi. Cha 126 kinatosha, na cha 254 kinatosha kwa raha.

Hapa tusiwe wachoyo pasipo sababu. Anwani za ndani hazilipiwi, na kundi la 10 peke yake lina zaidi ya milioni 16. Kubana kipande hakuokoi senti yoyote. Wala tusifanye eneo moja kubwa la maelfu ya vifaa, maana mbiu zitakuwa nyingi na tatizo la kifaa kimoja litawasumbua wote. Kwa ofisi za ukubwa wetu, /24 ni kipimo kizuri.

Hatua ya pili: kuchagua mwanzo. Tunashauri mwanzo usiwe ule ambao kila mtu anautumia, kama 192.168.0, 192.168.1, 10.0.0 au 10.1.1. Sababu ni mbili. Mtumishi anayefanya kazi nyumbani huenda ana ruta yenye 192.168.1, na akijaribu kuingia ofisini kwa mbali atagongana na tatizo lile lile tulilolieleza. Aidha, siku moja tunaweza kuungana na hospitali, chuo au ofisi ya mshirika ambaye naye alichagua 10.0.0. Katika mfano wetu tumechagua 10.61.

Hatua ya tatu: kugawa kwa vituo. Tunakipa kila kituo fungu lenye nafasi ya mitandao midogo 16:

- Viungo kati ya vituo: 10.61.0 hadi 10.61.15
- Kikatiti: 10.61.16 hadi 10.61.31
- Maji ya Chai: 10.61.32 hadi 10.61.47
- King'ori: 10.61.48 hadi 10.61.63
- Leguruki: 10.61.64 hadi 10.61.79
- Akiba kwa vituo vijavyo: 10.61.80 na kuendelea

Kwa nini 16, na siyo 10 ambayo ni rahisi kukumbuka? Kwa sababu ya ule ukataji wa katikati. Fungu la 16 linaloanzia kwenye kizidishio cha 16 huandikwa kwenye ruta kwa mstari mmoja. Ruta ya King'ori huandikiwa tu: chochote cha 10.61.64.0/20 kipeleke Leguruki. Zahanati ikiongeza mtandao mdogo mwingine ndani ya fungu lake, hakuna haja ya kugusa ruta za vituo vingine.

Postikodi zetu za Tanzania zimejengwa kwa wazo hilo hilo. Tarakimu ya kwanza ni kanda, ya pili huonyesha mkoa, ya tatu wilaya, na mbili za mwisho kata. Barua yenye postikodi inayoanza na 23 hupelekwa Arusha bila mtu wa Dar es Salaam kuhitaji kujua kata ni ipi.

Hatua ya nne: kugawa kwa matumizi. Ndani ya kila kituo mpangilio uwe mmoja. Kwa Kikatiti:

- 10.61.16.0/24: kompyuta za watumishi
- 10.61.17.0/24: seva na printa
- 10.61.18.0/24: taarifa nyeti, yaani mahesabu na kumbukumbu za wagonjwa
- 10.61.19.0/24: kamera na simu za mezani
- 10.61.20.0/23: waifai ya wageni
- 10.61.22 hadi 10.61.31: akiba

Leguruki inaanza na 64, kwa hiyo watumishi ni 64, seva na printa 65, taarifa nyeti 66, na kuendelea hivyo. Fundi akiona 10.61.66 kwenye karatasi, mara moja anajua kwamba ni taarifa nyeti za Leguruki, hata kama hajawahi kufika huko.

Wageni wamepewa /23, yaani nafasi 510, kwa sababu semina moja ya siku mbili inaweza kuleta simu 200 kwa mara moja. Ruta ndogo nyingi humpa mgeni anwani kwa muda wa siku nzima au zaidi, hata akiondoka baada ya nusu saa. Wageni wa leo wakiwa hawajaachia namba, wa kesho hukosa, na watu husema intaneti imekatika. Fundi apunguze muda huo uwe kama saa mbili.

Hatua ya tano: namba ndani ya kila mtandao. Namba .1 iwe ya ruta siku zote. Kuanzia .2 hadi .19 ni swichi na antena. Kuanzia .20 hadi .49 ni printa na vifaa visivyobadilika. Kuanzia .100 hadi .249 ruta igawe yenyewe kwa kompyuta na simu. Zinazobaki ni akiba.

Hatua ya sita: viungo. Kiungo cha antena kati ya vituo viwili kina ncha mbili tu, kwa hiyo /30 inatosha. Kikatiti na Leguruki watumie 10.61.0.0/30, ambapo Kikatiti ni .1 na Leguruki ni .2. Kikatiti na King'ori watumie 10.61.0.4/30, yaani .5 na .6. Kikatiti na Maji ya Chai watumie 10.61.0.8/30, yaani .9 na .10.

Njia ya kupitia

Mpango huu haubadiliki hata njia ya kuunganisha ikibadilika. Hiyo ni faida yake mojawapo. Mjini Arusha barua pepe zilianza miaka ya 1990 kupitia mtandao wa wanachama ulioitwa Arusha Node Marie. Mwaka 2006 Arusha ikapata kituo chake cha kubadilishana mawasiliano, ili ujumbe wa jirani kwa jirani usizunguke nje ya nchi. Mwaka 2009 mkonga wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam. Njia zimekuwa zikibadilika, na zitaendelea kubadilika.

Kwa sasa vituo vyetu vina njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni antena. Antena zinahitaji kuonana, na miteremko ya Meru ina mabonde, vilima na mikaratusi inayokua haraka. Kiungo kinachofanya kazi leo kinaweza kuzibwa na mti baada ya misimu michache. Mnara uwe na kinga ya radi, na masuala ya masafa na leseni yaulizwe TCRA kabla ya kununua.

Ya pili ni kupitia intaneti ya kawaida kwa njia inayoitwa VPN. Hii ni sawa na kuweka barua ya ndani kwenye bahasha nyingine iliyofungwa kwa lakiri na kuituma kwa posta. Posta huona bahasha ya nje tu. Ili ifanye kazi, walau kituo kimoja kiwe na anwani ya nje isiyobadilika na inayofikika. Modemu za kampuni za simu mara nyingi hazina anwani hiyo, kwa kuwa wateja wengi huwekwa nyuma ya anwani moja. Mwaka 2012 kundi la 100.64 hadi 100.127 lilitengwa kwa ajili hiyo. Ruta yako ikionyesha kwamba upande wa nje una anwani ya kundi hilo, au inayoanza na 10, fahamu kwamba hakuna anayeweza kubisha hodi kutoka nje. Katika mfano wetu, Kikatiti iombe anwani maalumu kwa kampuni yake ya intaneti, na vituo vingine ndivyo viipigie Kikatiti.

Kwa njia zote mbili, kila kituo kibaki na mlango wake wa intaneti. Umeme ukikatika Kikatiti, zahanati isikose barua pepe.

Kutenganisha si kulinda

Jambo hili tunaomba lisomwe kwa makini, hasa na wanaosimamia zahanati na shule. Vituo vinapokuwa vimetengana, kirusi cha kituo kimoja hubaki huko. Vinapounganishwa, milango yote inafunguka. Simu ya mgeni aliyeketi kwenye benchi la zahanati inaweza kuifikia kompyuta yenye majina na magonjwa ya wagonjwa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihusu pia taasisi zetu, na taarifa za afya zimehesabiwa humo kuwa nyeti. Kuziweka taarifa hizo kwenye mtandao wake mdogo ni mwanzo mzuri, lakini ruta kwa kawaida hupitisha kila kitu kutoka mtandao mmoja hadi mwingine mpaka iambiwe isifanye hivyo. Kwa hiyo mpango uwe na ukurasa wa pili wenye maagizo mafupi: wageni waende intaneti tu, kamera zisitoke nje, mtandao wa taarifa nyeti ufikiwe na kompyuta zilizotajwa tu. Pasipo maagizo hayo, tumepanda masale lakini hatujaweka lango.

Wenye mitandao tayari wafanyeje?

Kituo ambacho kimeshaanza na 192.168.1 kisihofu. Kibadilishwe kimoja kimoja, siku ambayo hakuna kazi nyingi. Kwanza iandikwe orodha ya vifaa vyote vyenye namba za kudumu. Nakala ya mafaili ichukuliwe. Kisha ruta ibadilishwe, zifuate printa na seva. Kompyuta na simu zinazopewa namba na ruta hujibadilisha zenyewe zikizimwa na kuwashwa. Panapowezekana, programu zielekezwe kwenye seva kwa jina badala ya namba, ili zoezi hili lisirudiwe.

Mambo ya kuuliza kabla ya kupitisha profoma

Tunazishauri kamati za sharika, pamoja na washirika wanaochangia, zisipitishe fedha za kuunganisha vituo mpaka maswali haya yajibiwe kwa maandishi:

1. Mpango wa anwani uko wapi? Je, vituo vyote vina anwani zisizofanana?
2. Umeacha nafasi ya vituo vingapi vijavyo?
3. Wageni wametenganishwaje na watumishi, na taarifa za wagonjwa na fedha zinafikiwa na nani?
4. Ni kituo kipi chenye anwani ya nje isiyobadilika, na inalipiwa kiasi gani kwa mwezi? Gharama hiyo iingizwe kwenye bajeti ya kila mwaka, kwa kuwa mradi ukiisha ankara haitaisha.
5. Je, vifaa vinakubali pia anwani za kizazi kipya, yaani IPv6? Huenda tusizitumie leo, lakini vifaa tunavyonunua vitakaa miaka mingi.
6. Nani atabaki na daftari la anwani na nywila za ruta?

Swali la sita ndilo linalosahaulika kuliko yote. Mtandao ambao mpango wake uko kichwani mwa fundi mmoja ni mali ya fundi huyo, hata kama risiti ni za usharika. Akihama, akiugua au akikosana na ofisi, kila kitu huanza upya kwa fedha nyingine. Daftari la anwani lichapwe nakala mbili. Moja ikae ofisini, na nyingine, pamoja na nywila katika bahasha iliyofungwa, ikae kwenye kabati la fedha la usharika. Kila kifaa kinapoongezwa, kiandikwe siku hiyo hiyo na kubandikwa namba yake kwa karatasi ndogo.

Hitimisho

Vifaa vya mtandao huchakaa, huungua kwa radi na hupitwa na wakati. Mpango mzuri wa anwani hudumu kuliko vyote hivyo, na ndio pekee usio na bei kwenye profoma. Unahitaji karatasi mbili, hesabu ya vifaa, na mchana mmoja wa wajumbe kuketi na fundi. Kamati ambayo imeuelewa mpango wake inaweza kubadilisha fundi, kubadilisha kampuni ya intaneti, au kuongeza zahanati ya tano, bila kuvunja kile ambacho waumini na washirika wamekwisha kukigharamia.

Kamati zinazotarajia kuleta maombi katika robo ijayo zianze sasa na hatua ya kwanza, yaani kuhesabu vifaa. Orodha hiyo iambatanishwe na maombi, iwe juu ya profoma, siyo chini yake.